Pini Kwenye Kinywa cha Mkasi

Kanyenye, Tabora
Alasiri

Nyamizi mwanangu,

Nimekutuma Ipuli kumuaga shangazi yako Mwanaidi kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: usipomuaga atanisema mpaka siku nitakayokufa, na baada ya hapo atalisema kaburi. Ya pili ni kwamba nilitaka nyumba iwe tupu nipate kuandika. Mimi na kalamu hatujawahi kuwa marafiki, na mwandiko wangu ni wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya suruali. Lakini lipo jambo ambalo limenishinda kwa mdomo tangu mama yako afariki, na kesho treni ikishakuchukua litanishinda kwa simu vilevile. Kwenye simu mimi huuliza umekula nini, na ukishanijibu sina swali jingine.

Mambo ya sweta, pasipoti, vyakula vya huko na vijana wa huko sina haja ya kuyagusa. Shangazi yako atakuwa ameyamaliza yote, na hapo kwenye vijana atakuwa amerudia. Mimi nataka moja tu. Unaondoka na mzigo kifuani unaodhani mimi siuoni, nami nataka uushushe hapa Tabora kabla hujapanda treni.

Nitaanzia jioni ile uliponieleza unachokwenda kusoma. Jibu la chuo cha ng'ambo lilikuwa limekuja wiki hiyo. Nilikuwa barazani nakata sare za shule, nikakuita, nikakuambia watu wananiuliza unakwenda kusoma nini. Nikiwajibu dawa, wananiuliza, "Kwani Nyamizi si alishasoma dawa?" Ukacheka, ukaninyang'anya chaki.

"Baba, fanya kitambaa hiki chote ni protini moja," ukasema, ukakikunjua mezani mpaka kikagusa sakafu. "Korona ikiingia kwenye seli ya mtu haina kiwanda wala fundi. Ina maagizo tu. Inawapa mafundi wa seli maagizo yake, nao bila kujua wanaanza kuishonea."

"Wanashona nini?"

"Kila kitu kwa mkupuo. Kola, mikono, mifuko, viuno, vyote vimeungana kipande kimoja kirefu. Havifai kitu mpaka vikatwe."

"Fundi gani mjinga anashona kabla ya kukata?"

"Ndiyo kazi ya korona hiyo, Baba. Na inaiweza."

Halafu ukaniambia lile lililonifanya niache kazi nikutazame: kwamba mkasi wenyewe umo mle mle ndani ya kitambaa. Umeshonwa pamoja na vingine vyote, na kazi yake ya kwanza ni kujikata utoke, kisha uwakate wenzake. Ukaniambia huo mkasi ndio mnaouita kimeng'enya, na kwamba mwilini vimejaa vimeng'enya vya kila namna, vingine vya kukata, vingine vya kuunga. Huu wa korona haukati ovyo. Unatafuta alama fulani, na ukiiona unakata hapo hapo; wewe nawe ukachora alama za chaki kwenye kitambaa changu cha watu. Mikasi ya miili yetu kwa kawaida haikati penye alama hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kutengeneza kitu cha kuukwamisha mkasi wa korona peke yake na kuiacha mingine ifanye kazi zake.

Nilikuuliza kitu gani hicho. Ulichukua pini yenye kichwa, ukaisukuma ndani ya kinywa cha mkasi wangu mkubwa, kule karibu na skrubu. Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mkasi ule tangu niununue haujakata kitu kisicho kitambaa, hata karatasi, leo mwanangu mwenyewe anautafunisha chuma!

"Jaribu kukata," ukasema.

Nikajaribu. Makali hayakukutana. Kitambaa kikapindana tu katikati ya mkasi, hakikukatika hata uzi mmoja.

"Hiyo pini ndiyo dawa."

Unaona basi kwamba nilikuwa nasikiliza. Nakumbuka pia uliposema molekuli ya dawa hukatwa umbo linalofanana na kile kipande cha alama, ili mkasi uipokee kwa hiari yake ukidhani ni kitambaa. Ikishaingia hukuta chembe ya salfa, ile inayofanya ukataji wenyewe, ikashikana nayo. Mkasi ukishashikwa hapo hauna kazi tena. Nguo ndefu ya korona inabaki ndefu, haina mkono wala kola, na korona mpya hazizaliwi. Ukanitajia na aina nyingine ya dawa, isiyogusa mkasi kabisa, inayojifanya uzi: maagizo ya korona yanaponakiliwa, ule uzi wa uongo unaingia katikati na nakala inaharibika. Lakini wewe, ukasema, moyo wako uko kwenye mikasi.

Ukaniambia molekuli nazo zina kulia na kushoto. Mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu, moja ikaingia kinywani na mwenzake ikakataa. Hapo nilikuelewa kuliko mtu yeyote atakavyokuelewa huko uendako. Nilipokuwa najifunza kazi nilikata koti la mwalimu mmoja, mikono yote miwili ya kushoto. Nilikunja kitambaa vibaya. Fundi wangu alinivalisha koti lile nikapeleke chai ya mafundi wenzake, na mkono wa kulia ukawa unanivuta bega kwa nyuma mpaka chai ikamwagika yote. Sijarudia kosa lile. Yapo mengine niliyoyarudia, lakini si lile.

Tulicheka sana jioni ile, Nyamizi. Ulikuwa umepita muda mrefu nyumba haijasikia kicheko cha namna hiyo. Nami nikaharibu, kwa kuuliza.

Nilikuuliza kama dawa ya mkasi inatosha peke yake. Ukasema hapana, ini halipendi vitu vigeni, linaikatakata mapema. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya pili ya kulizuia ini kidogo. Lakini ini likizuiwa, na dawa nyingine anazotumia mtu zinaweza kujaa mwilini, kwa hiyo lazima zitazamwe moja moja. Nikauliza, "Na hizi za presha alizokuwa anameza mama yako?" Ukasema wangezitazama kwanza, nyingine wangepunguza. Ulikuwa bado unajibu vizuri. Kisha nikauliza kama ingemsaidia.

"Inasaidia ikimezwa mapema," ukasema. "Siku za mwanzo, mkasi ukiwa ndio unaanza kukata. Nguo zikishajaa mwilini, kuuzuia mkasi kunasaidia kidogo sana. Wakati huo kinachomuumiza mtu ni mwili wake wenyewe unavyopigana. Kwa hiyo ni mapema, Baba. Mapema."

Hilo la mwisho ulilisema polepole. Ukachomoa pini, ukairudisha kwenye kisahani chake, ukasema unakwenda kuangalia maharage jikoni. Maharage tulikuwa tumeshakula.

Nilibaki na kitambaa chenye chaki na sikukuita. Nilijua unachokiwaza. Nilikuwa nakijua tangu siku ya tatu ya matanga. Siku ile nilikuwa napita uani na ndoo ya maji, nikakusikia chumbani unamwambia shangazi yako, "Mimi ndiye niliyemletea." Shangazi yako akakunyamazisha, kama anavyonyamazisha kila mtu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Ilinipasa niingie. Niligeuka na ndoo yangu nikarudi nilikotoka, hata maji yenyewe sikumbuki niliyapeleka wapi.

Basi leo naingia.

Unasema moyoni kwamba vyuo vilipofungwa ulipanda treni kutoka Dar es Salaam ukiwa na kikohozi, na treni imejaa wanafunzi, na mama yako akakupokea kituoni akakukumbatia, akakulaza chumbani kwake, akakupikia chai ya tangawizi na kunywa kikombe kimoja nawe. Yote ni kweli. Lakini ulipona. Ulifua mapazia ya nyumba nzima, ukagombana nami kwa ajili ya redio, mwezi wa Ramadhani ukaingia tukafuturu pamoja wote watatu tukiwa wazima. Mama yako alianza kuumwa baadaye sana. Na kati ya kikohozi chako na ugonjwa wake, hapa barazani kwangu yalipita mambo ambayo hukuyazingatia.

Unakumbuka korona ilipotajwa mjini, mafundi wa Kanyenye wote tuligeuka mafundi barakoa. Shule zimefungwa, sare hazina mtu. Mimi nilikata, mama yako akashona mikunjo na kutia lastiki, tukazitundika kwenye kamba mbele ya duka. Na mteja akija nilifanya nililofanya maisha yangu yote. Mteja wa fundi haondoki na nguo bila kujaribu. Fundi anayemkataza mteja kujaribu, ujue kuna mshono anauficha. Hiyo ndiyo adabu ya kazi niliyofundishwa, na ndiyo iliyonijengea jina. Basi nikawaambia, "Jaribu kwanza, uone kama haikubani masikio." Wakajaribu. Iliyobana wakaivua wakanirudishia, wakachukua nyingine. Ile iliyovuliwa niliirudisha kambani, au nilimpa mama yako ailegeze.

Naye unajua alivyokata uzi. Miaka yote nilimnunulia mikasi midogo, na miaka yote alikata uzi kwa meno.

Alikuja mzee mmoja kutoka Ulyankulu, mtu mstaarabu sana, kiongozi wa kwaya, anataka barakoa za kwaya yake nzima. Alijaribu karibu kamba yote ili apate kipimo cha wembamba na cha wanene. Alikuwa anapiga chafya kidogo, akaomba radhi. Nikamwambia, "Usijali, mzee wangu, ni vumbi hili." Mama yako akamletea kigoda. Alipoondoka tukazirekebisha zile zilizomkataa, tukazitundika tena, tukafurahi kwa biashara.

Barakoa, Nyamizi. Kitu kilichoshonwa ili pumzi ya mtu isimfikie mwenzake, nami nikawa naipitisha uso hadi uso kwa adabu ya fundi. Daktari yeyote angeniambia. Hata wewe ungeniambia, lakini ulikuwa ndani unafua mapazia, na mimi sikuona cha kuuliza. Siku mama yako alipoanza homa nilimfukiza kwa mwarobaini na mchaichai kama mji mzima ulivyokuwa unafanya, akasema amepata nafuu, akarudi kwenye lastiki zake. Tulikwenda hospitali alipokuwa hawezi kumaliza sentensi. Hilo nalo ni langu.

Usidhani nakuandikia haya ili nikupokonye hatia niivae mimi, halafu uanze kunionea huruma ukiwa huko mbali. Nimeshaivaa nikaivua mara nyingi. Ukweli ni kwamba hakuna ajuaye. Inawezekana ni yule mzee. Inawezekana ni sokoni, au msikitini nilikosimama bega kwa bega na watu, nikarudi nayo mimi mwenyewe bila hata kupiga chafya. Na inawezekana ni wewe. Sitakudanganya, msichana aliyesoma hadanganywi na fundi cherehani. Lakini hata ingekuwa ni wewe, ulifanya nini? Chuo kilifungwa, ukarudi nyumbani. Mtoto kurudi nyumbani kwao si kosa. Na ile dawa ya mkasi, wewe mwenyewe umeniambia, mwaka ule haikuwapo popote duniani. Hakukuwa na mapema ambayo wewe uliichelewa.

Sasa nakuja kwenye linalonitia aibu kuliko barakoa.

Kwa nini nilinyamaza? Mwanzo nilikuwa sina koo. Mji huu, ambao msiba ukitokea huja wote, kwetu ulikuja nusu, tena ukasimama mbali. Nilikuwa naamka namsikia mama yako anasukuma kiti chake cha cherehani, kisha nakumbuka. Mtu wa namna hiyo hana la kumfariji mwingine. Hilo nadhani Mungu atalisamehe. Lakini miezi ilipita, koo likarudi, nikawa nawatania wateja matumbo yao kama zamani, na bado sikukuambia.

Ulimaliza chuo ukarudi Tabora. Ukapata kazi kwenye duka la dawa. Kisha ukapata nafasi ya kwanza ya kusoma nje, ukaikataa. Ulisema mwaka huo si mzuri, ulisema baridi, ulisema Kiingereza cha huko. Nilijua sababu. Ulikuwa unanilipa mke. Ulikuwa unakaa nami kwa sababu ulidhani wewe ndiye uliyenifanya niwe peke yangu, na mimi nikaona kwamba nikikuambia huna deni, utaondoka.

Kwa hiyo sikukuambia. Ndivyo ilivyokuwa, sina namna nyingine ya kuliandika. Nilipenda kusikia mtu anafungua mlango jioni. Nilipenda kuulizwa, "Baba, umeshindaje?" Nilikuona unavyokonda kwa mawazo, nikajiambia ni kazi nyingi za duka. Mtu anaweza kumpenda mwanawe kwa dhati na bado akamtumia. Nisingelijua hili kama nisingelifanya mwenyewe.

Ilipokuja nafasi hii ya pili ukaikubali, nilifurahi kwa siku moja. Halafu nikaona unavyoizungumzia. Huizungumzii kama mtu aliyepata alichokitamani. Unaizungumzia kama mtu anayekwenda kutumikia kifungo. Juzi shangazi yako alisema, "Ukipata hiyo dawa mama yako atafurahi huko aliko," ukajibu, "Inshallah nitaipata, lazima niipate." Hilo *lazima* ndilo lililonikalisha na kalamu leo.

Babu yake babu yangu alikuwa mpagazi. Unajua, nusu ya Unyanyembe yetu hii inajisifia hivyo, kwamba wazee wao walibeba pembe za ndovu mpaka pwani na kurudi na kaniki. Lakini kuna kitu alinisimulia babu ambacho wanaojisifu hawakitaji. Mpagazi hakubeba tu chochote alichotupiwa. Kabla msafara haujatoka, mzigo huwekwa chini mbele yake, naye huuinua, huupima begani, akiona haumfai anauweka chini na kusema mbele ya watu wote, "Huu si wangu." Hakuna aliyemcheka. Walimcheka aliyebeba kwa haya, maana huyo alianguka njiani na kuwachelewesha wenzake. Nakusimulia kwa sababu kesho unatoka kwa njia ile ile, ila chini yako kuna reli.

Katika hadithi zake babu hakusema neno juu ya waliobaki. Nilipokuwa mdogo sikuliona hilo. Siku hizi naliona kila nikifunga duka.

Mwanangu, umeniambia mwenyewe kwamba molekuli nyingi mnazozijaribu hazitafaa kitu. Nyingine zitaonekana nzuri kwenye kompyuta, zikifika kwenye kichupa zikatae. Zitakazoukwamisha mkasi kwenye kichupa zitashindwa ndani ya mwili. Na hata itakayofaulu, korona inaweza kubadilisha kinywa cha mkasi wake kidogo tu, pini ikawa haikai tena, mkaanza upya. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ukiifanya kwa moyo mwepesi utaipenda, kwa sababu wewe tangu mtoto ulikuwa hupendi kitu kinachokubali mara ya kwanza. Lakini ukiifanya kwa ajili ya kumfufua mama yako itakuua. Kila molekuli itakayokataa itakuwa amekufa tena. Sitaki umzike mama yako kila Ijumaa mbele ya vichupa, katika nchi ambayo huna hata mtu wa kukupa pole kwa Kiswahili.

Na ukifika huko ukaona kwamba hupendi mikasi wala pini, unapenda jambo jingine, geuka. Hutakuwa umemsaliti mtu. Mama yako alitaka uwe mwalimu wa hisabati, kama umesahau. Madawa haya yote angeyashangaa tu.

Kuhusu mimi, sitakuandikia kwamba nitakuwa salama, kwa sababu sijui. Nitakuwa mpweke. Mchana nina watu, wateja wa Nzega wanaokuja wamevuna wakitaka suti za harusi, wana maneno kuliko cherehani. Jioni ndipo patakapokuwa na kazi. Nimeshaanza kuhisi nyumba inavyokuwa. Leo tu, umekwenda Ipuli kwa saa chache, nimeinuka mara kadhaa kwenda kutazama kama umerudi. Lakini upweke huu ni wangu. Una mke ndani yake, una uzee, una mambo ya kabla hujazaliwa. Hukuufanya wewe, na usirudi kwa sababu yake. Rudi kwa sababu umenikumbuka, au umekumbuka matobolwa, viazi vikavu vya shangazi yako, au likizo imefika. Kwa sababu hizo hata kesho kutwa nitakuja kituoni.

Nasikia watu wanaamkiana pale kwa jirani. Ni sauti yako, unasema shikamoo kwa wote mmoja mmoja, kwa hiyo bado nina dakika. Nilipanga kuiweka barua hii ndani ya begi, chini ya nguo, uikute ukishafika. Ndivyo mimi nilivyo: kusema nyuma ya mlango. Nadhani nitajaribu mara moja kusema nikiwa mbele yako. Naiacha kalamu.

*

Naongeza haya baada ya magharibi, ukiwa uani unafunga mabegi.

Ulipoingia uliketi kizingitini ukainama kuvua viatu, ukaanza kunisimulia shangazi yako alivyolia na huku anakufungia karanga. Nilisimama pale kama mteja asiye na vipimo. Kisha nikasema, "Nyamizi, si wewe."

Hukuniuliza, "Si mimi nini?"

Ulibaki umeinama, kiatu kimoja mkononi. Halafu ukasema, "Baba, miaka yote hii mimi nilidhani unanyamaza kwa sababu unaamini ni mimi."

Nilikaa chini pembeni yako, tukalia wote wawili mlangoni, watu wakipita wanatuona, wakidhani ni safari. Kwa hiyo jibu ninaliandika hapa, na hii barua nakupa mkononi sasa hivi, sitaificha chini ya nguo. Hapana, mwanangu. Hata siku moja, hata saa moja, sijawahi kuamini hivyo. Nilinyamaza ili usiondoke, na kumbe wewe ulikuwa unaishi na baba unayedhani anakuhukumu, unampikia, unamfulia, unamuuliza ameshindaje.

Nenda, mama. Huna deni na mtu yeyote katika nyumba hii.

Baba yako,
Ramadhani, fundi